Rangi ya Mafuta kwenye Chumba cha Asali

Siku ya kwanza nilipokwangua ukuta wa chumba cha chini cha nyumba yetu ya Chemchem, rangi ilitoka kwa mabamba, manene kama maganda ya muhogo. Juu krimu ya Idi iliyopita. Chini yake bluu ya harusi, kisha kijani, kisha ile nyekundu ya udongo niliyoipaka mwenyewe nilipomaliza chuo, nikajiona mtu wa maana. Nyuma ya zote, matofali ya saruji yaliyolowa, yana chumvi nyeupe kama unga na ukungu mweusi unaonuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndooni.

Kwetu ukuta hauponywi, unapakwa. Idi ikikaribia, nusu ya chini inapigwa rangi ya mafuta mpaka usawa wa kiuno, ili uchafu ufutike na wageni waone tumejiandaa. Unyevu ukitokeza, tunaongeza mkono wa pili wa rangi. Tumefanya hivyo miaka yote, na tumesifiana.

Mama anaweka asali humo. Chumba kimezama ngazi tano chini ya ua, kina ubaridi, na tangu baba afariki ndiyo kazi yake: anapokea ndoo kutoka kwa warina asali wa Ipole, anachuja, anajaza chupa. Mwaka huu bwana afya alishuka, akabonyeza ukuta kwa kidole, kidole kikazama kwenye rangi iliyovimba. Alimwambia mama kwa heshima zote kwamba kibali cha kuuza asali hakitoki mpaka ukuta ukauke, na kwamba atarudi baada ya miezi mitatu.

Watoto tukafanya kikao cha simu. Kaka yangu mkubwa, aliyeko Dar, akasema ni ishara nzuri, mama apumzike. Wengine wakaitikia. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe, na hapo nami nimo. Alikuwa sebuleni, amezungukwa na ndoo, anakula akiwa amekalia mojawapo.

Nilipomkuta hivyo ndipo hasira ikanipanda, nikaamua kuonyesha kwamba mwenye shahada anaweza kukausha ukuta. Nikatazama video za watu wenye glovu safi. Nikakwangua, nikasugua kwa brashi ya waya, nikasubiri siku nne nzima, nikapaka dawa ya kuzuia maji, mikono mitatu. Ukuta ukang'aa. Nikaupiga picha nikamtumia kaka. Wiki mbili baadaye ukuta ulikuwa na malengelenge.

Mama ndiye aliyemwita mwashi, mzee wa mtaa wa nyuma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, profesa. Umepaka nini hapa?"

"Mimi si profesa. Ni dawa ya kuzuia maji."

"Yasiingie au yasitoke?"

Akapasua lengelenge kwa ukucha, maji yakachuruzika mpaka sakafuni.

"Umeyafungia humu humu," akasema. "Hata mimi ningevimba."

Alipanda uani, akamwaga ndoo ya maji karibu na mlango wa jiko, tukasimama kuyatazama. Maji hayakuhangaika. Yalikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba cha chini, yakatulia hapo, yakaanza kupungua. Ua wote ni zege. Kaka alileta mafundi wake kulimwaga kwa ajili ya harusi ya binti yake, turubai lisimame vizuri na magari yapate pa kugeukia, wakaliegemeza ukutani na mteremko wakauelekeza ndani. Wakati wa harusi tulicheza juu yake. Nilitoa hotuba.

"Livunjwe," fundi alisema. "Upana wa hatua moja, urefu wa ukuta wote, kisha mfereji. Ndani uache ukuta uchi mpaka ukauke wenyewe, halafu chokaa. Nikiona rangi ya mafuta humu, naondoka."

"Hilo zege ni la kaka," nikasema. Naona aibu kuandika kwamba nilisema hivyo.

"Na asali ya nani?"

Nikavunja. Nilipiga nyundo kwa hasira ambayo sijawahi kuipata kwenye maandishi yangu: kwa kaka na magari yake, kwa hotuba yangu, kwa kila Idi tuliyowapakia wageni ukuta huku mama akivuta ukungu. Sijafika nusu, kaka akapiga. Majirani wana simu.

"Unavunja ua kwa sababu ya ndoo za asali?"

"Ndiyo."

"Mama anatakiwa apumzike, bwana."

"Mwambie." Nikampa mama simu.

"Kupumzika napumzika sana, mwanangu," mama alisema. "Jana nimepumzika juu ya ndoo." Akanirudishia simu. "Endelea."

Ukuta ulikaa uchi wiki sita. Chumvi ilitoka, nikaifagia, ikatoka tena, nikaifagia. Fundi alipoona matofali yamepauka, akapiga chokaa mikono miwili myembamba, huku akinikataza kugusa brashi.

Bwana afya aliporudi alipitisha kiganja ukuta baada ya ukuta. Mitatu ilikuwa mikavu. Wa upande wa ua ulikuwa bado na doa chini, dogo, kama kivuli cha sahani. Aliinama akaligusa, mama akimtazama. Akasema atatoa kibali, mradi ndoo zikae juu ya mbao na mbali na ukuta huo, na atapita tena kuukagua.

Jioni hiyo hiyo kaka aliitisha kikao cha simu ili tupongezane. Wote waliingia, wakaanza kumwita mama, mmoja juu ya mwingine. Nilishuka kumpelekea simu. Alikuwa amefunga kitambaa cha kuchujia kwenye mdomo wa ndoo, mikono imejaa asali hadi kwenye viwiko.

"Waambie nina kazi," alisema.

Nikawaambia. Kaka akaanza kueleza jinsi alivyokuwa ameunga mkono tangu mwanzo. Nikakata.