Mtoto wa miaka 15 kufanywa mkalimani wa familia, kisha kubebeshwa lawama zote

Wakuu, habari za leo. Niko Dzaleka, kambi ya wakimbizi, hapa Malawi. Hili ninalowaandikia nimeliona kwa macho yangu, na mpaka sasa nikilikumbuka nakasirika upya.

Kaka yangu mkubwa ana binti, Esperansi, miaka kumi na tano. Sisi ni watu wa Fizi, Kongo. Kaka ni fundi cherehani, mtu wa kanisa, hanywi, hapigi mtu.

Lakini mdomo wake, wakuu.

Kwao Esperansi peke yake njo anajua English vizuri. Basi kila wakienda City Centre, Lilongwe, kwa ofisi zinazoshughulikia dosiye yao, faili lao la ukimbizi, anatolewa shule aende kutafsiri. Mtoto anakaa katikati ya watu wazima, anaeleza vile bibi yake aliuawa. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Hata mi sikumuuliza.

Siku moja akakosea mwaka waliokimbia. Dosiye ikasimamishwa.

Toka hapo kaka akawa anamtambulisha kwa wageni hivi: "Huyu njo alituharibia dosiye." Wakati wa chakula. Kwenye ibada ya nyumbani. Mbele ya wadogo zake. Miezi na miezi.

Mtoto akaanza kutapika asubuhi. Nsima, ugali wa huku, haigusi, kwaya ameacha, shuleni hajibu swali. Mama yake akaniambia anashinda chumbani ameangalia ukuta. Kaka akasema ni kiburi, baadaye akasema ni pepo. Wakamfanya afunge na kuomba siku tatu, mtoto ambaye tayari hali.

Nikamchukua kwa ubishi, nikampeleka hospitali Lilongwe.

Hapo njo nilijichukia. Nesi akauliza kwa English ana tatizo gani. Mi English sina. Bila kufikiri nikamgeukia Esperansi, atafsiri ugonjwa wake mwenyewe. Akarudi nyuma mpaka ukutani, pumzi ikawa fupi.

Nikamwambia, "Acha, mama. Nitaongea mi."

Nikajikongoja na Chichewa yangu ya sokoni. Nesi akaeleza taratibu kwamba ni wasiwasi uliopitiliza pamoja na sonona, inatibika, arudi kila wiki kuongea na mshauri. Kisha akauliza nyumbani nani anamlaumu. Niliona aibu kujibu.

Nikamfuata kaka kwenye cherehani yake. Hakuinua kichwa. "Mi nililelewa kwa fimbo, na niko mzima."

"Binti yako anatapika akisikia unakohoa mlangoni," nikamwambia. "Unajisifia nini?"

Akaendelea kushona. Nikaondoka na Esperansi, na mpaka leo anaishi kwangu.

Sasa sikieni kinachoniuma zaidi. Mwezi uliopita kaka alienda ofisini bila yeye. Wakampa mkalimani, Mkongo mwenzetu, wa bure. Siku zote alikuwepo, ni kuomba tu. Mwaka ukarekebishwa kabla ya saa sita.

Kaka hakuja kumwambia mtoto. Nilimwambia mi.

Akaniuliza, "Baba mdogo, kwa hiyo haikukuwa mi?"

Akalia sana. Bado anaenda kwa mshauri, na kuna asubuhi hatoki kitandani. Msamaha wa baba yake bado hajausikia.

Wazazi, kusema "simpigi" hakutoshi. Mtoto akibadilika namna hii, kabla ya kutafuta pepo, jisikilizeni kwanza mnamwambia nini kila siku.

Kama kuna mliowahi kubebeshwa hivi, andikeni hapa chini. Na anayetaka kumtetea kaka yangu aandike pia, nitamjibu.