Bunduki ya Baba Ndani ya Ndiva

Ujinga wangu wa kwanza, na nausema mwenyewe kabla dada yangu hajawasimulia kwa chumvi yake, ni kwamba nilimchagulia baba bunduki. Mimi, mwanafunzi wa darasa la saba, ambaye silaha kubwa niliyowahi kushika ni manati (nayo nilimpiga jogoo wa mchungaji, lakini hiyo ni kesi nyingine).

Mjue kwanza kilichonituma. Hapa kwetu Vudee mahindi yakianza kubeba, nyani hushuka kutoka mwambani kama wanaokwenda mnadani, na kazi ya kuwafukuza ni yangu, kila alfajiri kabla ya shule, nikipiga debe bovu kwa kijiti mpaka mikono inakufa ganzi, na wenzangu shuleni wakanibatiza Bwana Debe. Kwa hiyo Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya kule Same, alipompa baba kibali cha bunduki ya marisau, ile inayotawanya chembe nyingi kwa pigo moja, baada ya misimu miwili ya kumwomba, nilifurahi kuliko baba mwenyewe. Debe nililiaga kabisa.

Tukateremka Same, tukaingia kwenye duka la Mhindi mmoja mpole mwenye miwani, naye akaweka mezani bunduki mbili: moja nyepesi ya mtutu mmoja, nyingine ndefu, nzito, ya mitutu miwili, kitako kinang'aa kama kabati la askofu. Baba yangu ni mfupi, na bega lake la kulia liliumia zamani kwenye mashamba ya mkonge. Aliinua ile nyepesi, ikakaa shavuni kama amezaliwa nayo.

"Hii, mzee," akasema mwenye duka. "Bunduki ni kama kiatu. Unachukua inayokutosha, huchukui inayong'aa."

Yangeishia hapo tungekuwa salama. Lakini mimi nilikuwa nimeshajiona napita mbele ya wale walionibatiza, mitutu miwili begani, nikasema, "Lakini baba, nyani hawaji mmoja mmoja."

Baba akamgeukia mwenye duka kwa fahari. "Umesikia? Huyo ndiye msomi wangu."

Likaja karatasi la Kiingereza lililokuwa ndani ya sanduku, baba akataka nimsomee. Nilielewa mistari miwili, iliyobaki nikaitunga pale pale (na niliitunga vizuri, mwenye duka alivua miwani akanitazama). Kupanda nyumbani niliibeba mimi, inanikata bega kama gogo, na kila aliyetuamkia njiani baba alimjibu "Marahaba!" kwa sauti ya mtu mwenye mitutu miwili.

Jumapili, baada ya ibada, nusu ya kanisa ikatufuata mpaka kwenye ndiva, lile bwawa letu la mawe na udongo ambamo maji ya kijito hulala usiku na asubuhi hufunguliwa kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Jumapili halifunguliwi, kwa hiyo lilikuwa limejaa pomoni, tena kesho yake ilikuwa zamu ya mama, na mahindi yake yalikuwa yameanza kujikunja kwa kiu. Tulikwenda pale kwa sababu ukisimama ukutani mwa ndiva unauona mwamba wa nyani vizuri.

Baba akainua bunduki. Bega likagoma. Akainua tena, mitutu ikayumba huku na huku, akina mama wakainama, na Mzee Kiondo, msimamizi wa ndiva, asiyejua kunyamaza, akauliza, "Unawapiga hao nyani au unawapungia?"

Watu wakacheka, baba naye akacheka, ila nikaona anavyolisugua bega, na mimi ndiye niliyelijua bega lile tangu dukani. Nikaumia. "Nipe, baba, niwaoneshe karatasi linavyosema."

Akanipa. Ndivyo alivyo, akikuamini amekuamini.

Nikapanda ukutani, mgongo nimeupa maji, nikasimama kama sanamu, nikavuta vifyatuo vyote viwili kwa mpigo. (Mwalimu alinisomea lile karatasi baadaye. Mstari wa tatu unakataza jambo hilo hilo.)

Mlio sikuusikia. Nakumbuka anga, halafu miguu yangu mwenyewe angani, halafu maji. Nilipoibuka na majani ya bwawa kichwani, kaptula nyeupe ya kipaimara imegeuka rangi ya tope, waumini wote walikuwa wamelala kifudifudi, na nyani wameketi mwambani safu kwa safu, wanatazama.

"U mzima?" mama akapiga kelele.

"Mzima!"

"Na bunduki?" akauliza baba.

Nikaitazama mikono yangu.

Kicheko kilichokuwa kimeanza kikakatika. Kibali kilisema Jumanne bunduki ifikishwe boma kwa Bwana Shauri iandikwe namba, isipofika kibali kinafutwa na baba anashitakiwa. Nilizamia mara nne, mara nne nikatoka na tope. Mzee Kiondo akajikuna kidevu akasema hakuna njia ila kulifungua ndiva, na maji yakishatoka yametoka, zamu ya mama hairudi mpaka kila nyumba ipate yake. Hakuna aliyethubutu kumtazama mama.

Mama akajifunga kanga kiunoni. "Fungueni," akasema.

Gogo la kuziba likavutwa. Mama akanyakua jembe akaukimbilia mfereji, Mama Namsifu jirani yetu akamfuata na viatu vyake vya kanisani, halafu kwaya nzima, wakikinga maji kwa mawe, kwa mikono, mzee mmoja wa kanisa kwa makalio yake, ili yaende kwenye mahindi yetu. Nusu yalifika. Nusu yaliosha njia. Bunduki tukaikuta imesimama topeni kichwa chini. Baba alipoiinamisha, mtutu wa kwanza ukatoa tope, wa pili ukatoa chura, akaruka akaenda zake. (Jumanne ilipita boma salama, ila karani aliuliza kwa nini inanuka bwawa.)

Baba hakunipiga. Alikaa jioni ile akiipaka mafuta, akalitazama bega langu lililovimba, sasa bovu kama lake, akasema, "Kweli, hawaji mmoja mmoja," akacheka mpaka akakohoa. Mimi nimeapa: nikipewa karatasi nisiloelewa nitasema sielewi, hata mbele ya Mfalme wa Uingereza.

Jumatatu kabla hakujapambazuka mama akanivuta blanketi. Mkononi ana debe langu.

"Amka, msomi," akasema. "Hili halina kibali, halina karatasi la Kiingereza, na hata likilowa linalia. Bega likikuuma, pigia mkono wa kushoto."