Fahali wa Mzee Njeru amekwenda na lori

Leo nimempakia kwenye lori fahali niliyeenda kumnunua mwenyewe.

Nina bucha hapa Gachoka, na Mzee Njeru alikuwa ameniahidi huyo fahali. Kufika kwake nikakuta wale wanaopeleka ng'ombe wazima Uarabuni kwa meli. Walishamlipa bei ambayo mimi siiwezi.

Lakini fahali akakataa kupanda. Wakavuta, wakasukuma, wapi.

Mzee akanigeukia. "Wewe amekuzoea, kila ukipita humpa nyasi. Tusaidie kidogo."

Jameni, mngekataa?

Nikashika kamba. Akanifuata pole pole mpaka ndani.

"Usikasirike, kijana wangu," Mzee akasema. "Ni karo ya watoto."

Sikukasirika. Nikarudi kufungua bucha.

Mama mmoja ameuliza nyama iko wapi. Nimemwambia iko barabarani, inaelekea Mombasa.