Mwanamke Aliyeitwa Kitufe

Siku ya nne baada ya kumzika mume wangu, fundi aliniita gereji akanionyesha plasta ya mwanangu.

Plasta ya kidonda. Ile ya watoto, ya njano, yenye picha za vibata. Niliinunua mwenyewe duka la dawa hapa Katoro, siku Limi alipoanguka akachubuka goti.

Sasa ilikuwa imebandikwa kwenye mkono wa gia wa gari la marehemu.

Nilipoelewa imefikaje pale, nilikaa chini kwenye oili na gauni langu la msiba. Sikuinuka mpaka waliponiinua.

Naitwa Bhoke. Mimi Mkurya, niliolewa na Msukuma, na kuongea polepole sikufundishwa. Nauza chakula sokoni.

Mume wangu Marselino, Baba Limi, alikuwa na pikapu kuukuu ya gia oto, zinazojibadili zenyewe. Gari likikufia njiani, kuanzia Bulyanhulu mpaka Geita, unampigia yeye anakuja kukuvuta.

Aliipenda ile pikapu, acha tu.

Kila Jumapili kabla ya kanisa anaiwasha, anaiacha ipate moto. Anachomoa kijiti cha oili ya gia boksi, anakifuta kwa kitambaa cheupe. Anaangalia rangi, halafu ananusa.

"Mama Limi, njoo unuse."

"Ninuse oili? Nimekuwa mbwa mimi?"

Anacheka. "Ikiwa nyekundu na haina harufu, boksi nzima. Ikinuka mboga iliyoungua, tumekwisha."

Sikwenda kunusa hata siku moja.

Mwaka jana mwanzoni, mafuta yakaanza kuisha haraka. Kazi zile zile, njia ile ile. Dumu lililokuwa linamfikisha Bulyanhulu na kumrudisha, sasa linamwishia njiani.

Nikamwambia Ritha, jirani yangu wa pale sokoni. Ritha akaweka mwiko chini.

"Shoga, mume anaweza kukudanganya. Mafuta hayadanganyi. Kuna sehemu anapitia."

Aisee, neno lile liliniingia mpaka kwenye mifupa.

Jioni nikamuuliza, "Mafuta yanakwenda wapi?"

"Kwenye kitufe," akajibu, hata hakuinua macho kwenye ugali.

Akanieleza. Eti gia boksi imezeeka. Eti fundi Boaz kamwambia kila akivuta gari la mtu abonyeze kitufe cha ovadraivu, kile cha kwenye mkono wa gia, ili gia ya juu kabisa isiingie. Injini itanguruma zaidi na kula mafuta zaidi, lakini boksi haitachemka. Ukikibonyeza inawaka taa ya njano.

Taa ya njano nilishaiona ikiwaka. Mimi nilijua ni ubovu ananificha.

"Kitufe," nikasema. "Ndiyo jina lake? Anakaa wapi huyo Kitufe?"

Akitaka kunituliza alikuwa ananiita mayu, mama kwa Kisukuma chao. "Mayu, twende kwa Boaz akueleze."

"Mafundi na madereva lenu moja!"

Basi toka siku hiyo nyumba yangu ikawa na mke mwenza. Chumvi ikizidi, "nenda kwa Kitufe akupikie." Simu ikiita, "pokea, mwenyewe huyo." Na Limi, mtoto wa miaka sita, yuko pale anasikiliza yote.

Mwezi wa sita akarudi jioni na dumu tupu. Nilichofanya nasimulia kwa aibu.

Nilibeba nguo zake zote nikazimwaga nje. Majirani wakatoka, Ritha akiwa mbele.

"Chagua! Mimi au Kitufe!"

Marselino alianza kucheka. Akaniangalia vizuri, akaona sitanii, akaacha. Akaokota mashati yake moja moja, akayakung'uta vumbi mbele ya watu wote wale.

"Basi, Mama Limi," akasema. "Nimemwacha."

Kesho yake mafuta yakabaki. Kesho kutwa yakabaki tena.

Jamani nilivyofurahi! Nilimkimbilia Ritha, "Kaachwa!" Tukagonga mikono tukicheka mpaka wateja wakatushangaa. Nikamchinjia mume wangu kuku.

Alimla, akashukuru.

Wiki zikapita. Jumapili moja alichomoa kile kijiti, akafuta, akanusa. Akakinusa tena.

"Mama Limi, njoo unuse. Nakuomba."

Nilikuwa nafunga kilemba. "Tunachelewa kanisani bwana!"

Alikikunja kile kitambaa akakitia mfukoni.

Alhamisi yake, saa nne asubuhi, alikuwa anavuta lori la mawe ya dhahabu la kutoka Mwakitolyo, lililokufa injini. Dereva wa lori, Valerian, alikuwa nyuma ameshika usukani wa lori lake. Haya yaliyofuata ni yeye alinisimulia, huku analia.

Kwenye kilima gia ikaanza kuteleza. Injini inalia, pikapu haiendi, moshi unatoka chini. Marselino akasimama. Akaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, akavuta hendibreki, akashuka, akaokota jiwe akazuie tairi la nyuma.

Alikuwa ameinama pale gia ilipoachia. Uzito wa lori ukaivuta pikapu kurudi nyuma.

Valerian anasema alikanyaga breki mpaka mguu ukafa ganzi. Lakini lori lisilo na injini lina breki gani?

Baba Limi hakufika hospitali.

Msibani nilikaa kwenye mkeka, na mnajua nilikuwa nafanya nini? Naangalia wanawake. Kila anayeingia namkagua kuanzia kanga mpaka ndala. Nilikuwa natafuta anayelia kunizidi. Mungu anisamehe, mume wangu yuko kwenye jeneza na mimi bado nina wivu.

Limi akanivuta mkono, akaninong'oneza.

"Mama, Kitufe naye amekuja?"

Nikageuka kuangalia mlangoni.

Siku ya nne ndiyo Boaz akaniita. Alikuwa ameshusha gia boksi na kuifungua, ameitandaza juu ya gunia. Oili nyeusi tii. Klachi za ndani zimeungua. Kile chuma kinachofunga gari kwenye P kimelika.

"Shemeji, pole," akasema. "Isingeteleza, asingesimama kilimani. Na isingeteleza kama asingekuwa anavuta na ovadraivu, ile gia ya juu. Mwezi uliopita nilimwambia, wewe unaua gari. Akacheka. Akasema, 'Kitufe nimemwacha, Boaz. Nyumbani wamenipa nichague.' Mimi nikajua ni utani wenu."

Boaz akafuta mikono yake.

"Akasema mkono umezoea, unabonyeza wenyewe. Ndiyo akakiziba."

Akanionyesha mkono wa gia. Vibata vya njano.

Halafu nikaona kitu ambacho Boaz hakukiona. Ncha moja ya plasta ilikuwa imebanduliwa, ina alama ya kidole chenye oili, kisha ikabandikwa tena.

Alitaka kukibonyeza. Sijui ni kilimani pale au ni siku nyingine, na hakuna wa kuniambia. Ila najua alianza kuibandua, akanikumbuka mimi na zile nguo vumbini, akairudisha.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Waliponiinua nilimwomba Boaz awashe swichi. Nikakibonyeza juu kwa juu, plasta ikiwa pale pale. Taa ndogo ikawaka kwenye dashibodi, ya njano.

Huyo ndiye niliyegombana naye miezi yote ile.

Juzi tumegawa nguo za marehemu. Kwenye mfuko wa suruali yake ya kanisani nikakuta kile kitambaa kimekunjwa vizuri, cheusi. Nikajifungia chumbani, nikakinusa.

Kweli kabisa. Mboga iliyoungua.

Ritha bado ni jirani yangu, na simlaumu. Yeye alisema neno moja tu, mimi nikalijengea nyumba na kumweka mwanamke ndani yake. Limi ndiye sijui nitamwambia nini. Jana kaniuliza tena Kitufe anakaa wapi.

Wewe unayesoma hapa, mwenzio akikueleza jambo la kazi yake usilolielewa, usilijazie maneno yako. Na akikuita akisema njoo unuse, kiache hicho kilemba. Nenda ukanuse.