Mihogo Iliyobaki Majini

Nilitoka Uvira kwa ajili ya mama. Ulikuwa mwaka wa uasi, uhuru ukiwa bado mchanga, na pale mtaani kwetu Kasenga kila mteja aliyeketi mbele ya cherehani yangu alikuja na vita yake: huyu anasema imefika Sange, yule anaapa bado iko mbali. Mama alikuwa peke yake Mutarule. Tetesi hazilaliki; nikachukua baiskeli.

Asubuhi ile ziwa lilibaki mgongoni, limetulia, na harufu ya ndagala walioanikwa ikanisindikiza. Ningetoa nini leo niinuse tena! Sisi watu wa bondeni tulikuwa na namna yetu ya kupima vita: tulitazama mashimo ya maji kando ya mashamba. Mihogo ikiwa imeloweshwa, wenyewe wanatarajia kuwepo siku ya kuitoa. Kiliba mashimo yalijaa. Nikapiga mluzi.

Karibu na Sange yalikuwa matupu. Mama mmoja aliyejitwisha godoro akanisimamisha.

"Weye unaenda wapi? Watu wote wako wanashuka!"

"Mutarule, kumutwala mama yangu, nimulete Uvira."

"Kule haiko tena muntu."

Nikazidi kukanyaga pedali.

Mutarule nilipita shimo tupu baada ya shimo tupu, nikijua nimechelewa. Nyuma ya nyumba yetu, kando ya njia, nikakuta moja limejaa mihogo, imefunikwa majani ya mgomba. Mama alikuwa mlangoni, mzigo wake umekwisha kufungwa.

"Mama, unalowesha na vita iko hapa?"

"Ungeona shimo iko bure, ungegeuka njiani na kilio. Minye nilikuwa nakungojea weye."

Nililia hata hivyo. Nikauliza mihogo tuifanyeje.

"Iache. Mwenye kufika na njaa atakula."

Tulirudi yeye akiwa kwenye keria, akinigombeza kwa kila jiwe nililoligonga, mpaka ziwa likaonekana.

Hakuiona tena Mutarule. Kwa miaka yote aliyokaa nami Kasenga, mgeni yeyote wa kutoka bondeni aliulizwa jambo moja kabla ya kupewa kiti: "Wamelowesha?" Siku hizi, huku niliko mbali na ziwa, redio ikitaja vita, ya kwetu au ya pembe nyingine ya Afrika, nami najikuta nauliza hilohilo.

Alipokuwa mgonjwa, karibu na mwisho, alinishika mkono.

"Mihogo yetu, nani alitoa?"

"Muntu mwenye njaa, mama."

Sikujua. Hata leo sijui.

"Basi alikula," akasema, akafumba macho.