Vipimo vya Wiki ya Kwanza

Panya wanaiamini mikono ya dada yangu kuliko wanavyoaminiana wao kwa wao. Nimeona kwa macho yangu. Anaingiza mkono kwenye kizimba, panya mweupe mwenye macho mekundu anamnusa kidole, kisha anapanda mwenyewe kiganjani kama mtoto aliyeambiwa anapelekwa dukani. Miaka kumi na tisa kazi yake ni hiyo, kuwapima panya presha. Ukitaka kucheka, cheka tu. Sisi nyumbani tulicheka hadi tukachoka. Kazini wanamwita Mama Panya, na jina lilimfuata hadi kwenye harusi ya binamu yetu, ambako mshereheshaji alilitangaza kwenye kipaza sauti bila haya.

Watu huuliza: panya naye ana presha? Anayo, na hupimwa mkiani. Unampasha joto kidogo ili damu ifike vizuri huko, unamwingiza kwenye bomba la plastiki lenye matundu, unamfunika kitambaa cheusi asione watu, unamvisha mkiani kimkanda chembamba kama pete. Kinajaa upepo, kinalegea, mashine inatoa namba. Chumba chenyewe hakina dirisha. Taa zinawaka na kuzimika kwa saa zilizopangwa, na kuna harufu ya maranda wanayolalia na mkojo ambayo hakuna sabuni inayoiweza. Wifi yetu, mke wa kaka, hakuwahi kumruhusu dada ashike unga kabla hajanawa mara mbili mbele ya macho yake.

Sasa kuna jambo moja ninaomba ulishike, maana yote yaliyotupata yalitoka humo. Panya akipimwa siku za mwanzo huogopa. Moyo unamwenda mbio, namba inapanda hata kama hana ugonjwa wowote. Kwa hiyo wiki nzima ya kwanza anapimwa ili azoee tu. Namba zake zinaandikwa, halafu dada anazipigia mstari. Zinazohesabiwa ni za wiki ya pili. Mtafiti mmoja mgeni, mtu mzima na shahada zake, aliwahi kuzihesabu za wiki ya kwanza, akaharibu kazi ya miezi miwili. Dada alimtolea uvivu mbele ya wote. Hadithi hiyo aliisimulia nyumbani kila mwaka, na kila mwaka yule mtafiti alizidi kuwa mjinga.

Mkuu wao, daktari mpole asiyekumbuka miwani yake iko wapi, anatafuta jeni zinazopandisha presha. Mimi ni fundi cherehani, nilielewa siku dada alipoacha maneno ya kitabuni. Wana koo mbili za panya. Ukoo mmoja wote wana presha ya juu, kizazi hadi kizazi. Ukoo wa pili wako salama. Wanaoanisha koo hizo, kisha wanaoanisha watoto wanaozaliwa, na wajukuu wanatoka mchanganyiko: huyu kachukua hiki kwa babu, yule kachukua kile kwa bibi. Kila mjukuu anapimwa presha, anakatwa ncha kidogo ya mkia, na maabara inasoma amerithi nini kutoka upande upi. Ikionekana wenye presha wengi wameshika kipande kilekile cha ukoo wa juu, basi humo kuna jeni wanayoitafuta. Ni kama kuulizana nani alileta mwanya wa meno katika familia, ila mwanya haujamuua mtu.

"Wajukuu mia tatu na kitu," dada alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja asiyepita mikononi mwangu."

Nilikwenda kule mara moja tu, kumpelekea ufunguo aliousahau. Nilisimama nje ya kioo. Nikashangaa kuona wale wa ukoo wa juu ndio wazuri: manyoya yanang'aa, wanarukaruka, wanakula kwa hamu.

"Mbona hawa wazima?" nikamuuliza.

Akanionyesha mmoja pembeni. Alitembea vizuri, ila mguu wa mbele wa kushoto ulichelewa kidogo kufika.

"Huyo amebakiza siku mbili," akasema, kama mtu anayekuambia basi linapita saa ngapi.

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikiwa na baridi mwilini, na jua lilikuwa kali.

Nisikufiche. Mama yetu alianguka akianika nguo, akiwa na miaka arobaini na tisa. Kiharusi. Baba yake mama hakufika hamsini. Na kaka yetu mkubwa mwaka ule alikuwa ametimiza arobaini na saba. Sote watatu tulijua hesabu hiyo, na hakuna aliyeitamka.

Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Kifua kipana, sauti ya kusikika nyumba ya tatu, utani usioisha. Hakuwahi kulazwa hata siku moja na alijisifia hilo kana kwamba ni cheti. Alikuwa mzuri wa kutazama kama wale panya, na nilijichukia kwa kuwaza hilo.

Jumamosi moja mchana tulikuwa kwake, tunakunywa chai. Kikombe kikamponyoka. Chai ilimwagikia suruali, akaruka, akacheka, wifi akamrushia kitambaa, nami nikasema amezeeka. Dada peke yake hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wa kushoto wa kaka uliokuwa umelala pajani. Niliujua mtazamo ule, nilikuwa nimeuona kupitia kioo.

"Kesho naja na mashine ya presha," akasema.

"Utanipima wapi? Mimi sina mkia."

Jumapili akaja nayo. Alimfunga kaka mkanda mkononi, mashine ikanguruma, ikalegea. Mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na nane. Hata mimi nisiyejua kitu nilijua. Uso wa dada ulibadilika rangi.

"Twende hospitali," wifi akasema. "Sasa hivi. Nachukua mtandio."

Dada alikuwa bado ameikodolea macho ile namba. Kisha nikaona kitu kikimshuka usoni, utulivu fulani, ule wa mtu aliyerudi kwenye kazi anayoijua.

"Tulia, wifi," akasema. "Ya kwanza hatuhesabu."

"Hamhesabu kivipi?"

"Hajaizoea mashine. Lazima ipande. Nitampima kila siku, na wiki ijayo ndio tutajua presha yake ni ipi hasa."

"Na huyu ni panya?"

"Dada ndiye anayejua haya mambo," nikasema mimi. Ndiyo, nililisema. Nalirudia hapa kwa sababu wifi anastahili kunisikia nikilikiri. Nilifurahi mno kuambiwa namba ile si kitu, na mtu aliyetaka kunirudishia hofu yangu nilimwona mkorofi.

Kaka naye alifurahi kuliko wote. Alikuwa na geti la shule la kumaliza kabla ya Ijumaa.

Basi dada akawa anakuja kila akitoka kazini. Alishusha pazia. Aliufumbata mkono wa kaka kwa mikono yake miwili mpaka upate joto. Alitukataza kuongea. Watoto wa kaka walijificha nyuma ya mlango wakichekelea kwamba shangazi amemfanya baba panya. Jumatatu, mia tisini na nne. Jumanne, mia tisini na sita. Kila namba aliiandika kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji, na kila namba aliipigia mstari.

Jumatano ilikuwa mia tisini. "Inashuka," akasema, akaipigia mstari nayo.

Tulipotoka, kaka alitusindikiza mpaka getini, akarudi ndani. Dada alisimama akimtazama mgongoni.

"Anatembea vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri."

"Mguu hauchelewi?"

"Dada, mwenye macho hayo ni wewe."

Alifungua mkoba, akatafuta kitu ambacho hakikuwemo, akaufunga. Ningemshika mkono pale, ningemwambia turudi ndani tumchukue. Nilikuwa na nguo ya mteja ya kuwahi.

Alhamisi saa tano asubuhi mwenzake kaka wa karakana alinipigia simu. Kaka alikuwa amesimama ameshika geti lile la shule, likamwelemea, akaenda nalo chini. Tulipofika hospitali mdomo ulikuwa umekwenda upande na alikuwa amekata kauli. Jicho moja lilitutambua.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye haraka. "Mlikuwa mnajua kwamba ana presha?"

Dada akatoa mkobani ile karatasi. Sijui aliibandua saa ngapi. Daktari akaisoma, akaisoma tena.

"Hizi namba mbona zimekatwa?"

"Alikuwa hajazoea," dada akasema.

"Hajazoea nini?"

Dada alifungua mdomo. Daktari alimsubiri kidogo, akaikunja karatasi, akamrudishia, akakimbilia ndani. Angemfokea ingekuwa afadhali.

Kaka alifariki Jumamosi saa nne asubuhi. Siku mbili.

Baada ya mazishi dada alikaa sakafuni chumbani kwangu, mgongo ukutani, akasema bila mimi kumuuliza: "Nilijua. Tangu kikombe. Angekuwa panya wangu ningeandika na tarehe ya kufa. Nilishindwa kumhesabu kaka pamoja nao." Nilimchukia kwa dakika nzima. Halafu nikakaa karibu naye, maana nilikuwa sina dada mwingine, na yale maneno ya kumnyamazisha wifi yalikuwa yangu. Wifi mpaka leo humsalimia kwa kichwa tu.

Wiki saba baadaye yule daktari mkuu aliwakusanya wafanyakazi wote. Kipande kimepatikana. Wajukuu wenye presha, wengi wao, wamekirithi kutoka ukoo wa juu, na sasa watakitafuta na kwa binadamu. Watu walipiga makofi. Walimtaja Mama Panya kwa jina, wakamtafuta ili asimame, wakakuta kiti kitupu.

Alikuwa kwangu. Aliingia na koti lake jeupe, harufu ya maranda ikiingia naye, akalisukuma pembeni gauni nililokuwa nalishona na kuiweka mashine mezani.

"Mimi nimejipima," akasema. "Niko chini. Nimechukua kwa baba." Alisema kama anayeomba radhi.

Hakushusha pazia. Hakuupasha mkono wangu joto. Alinifunga mkanda nikiwa na sindano bado mdomoni, nikaitoa. Mashine ikanguruma, ikabana mpaka vidole vikafa ganzi, ikalegea. Mia moja sabini na sita kwa mia moja na nane.

Nilisikia sauti yangu ikisema, haraka, kabla sijaifikiria: "Hiyo ya kwanza tu, dada. Umeniingilia ghafla, hata kupumua sijapumua. Tupime tena kesho."

Hakuandika chochote. Alikuwa ameshainama chini ya cherehani, anavitafuta viatu vyangu, akavileta kimoja kimoja na kuvipanga mbele ya miguu yangu.

"Vaa," akasema.

Nikavaa.