Majani Mekundu ya Malambo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Karatu, miaka michache baada ya uhuru, sikupewa kamera. Nilipewa ndoo. Mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa nyanda, ambaye wote tulimwita Bwana Malisho, alinionyesha sanduku la mbao lililofungwa nyuma ya gari. Kuta zake zilikuwa za wavu wa waya, mbili mbili, na katikati zimejazwa mkaa. Mkaa ulimwagiwa maji mara tatu kwa siku. Upepo ukipita, ndani kunapoa.

"Humo mna filamu ya majaribio," alisema. "Ikae gizani na ikae baridi."

"Giza naelewa, Bwana. Baridi ya nini, kama kopo halipitishi mwanga?"

"Walioitengeneza wamesema."

"Wamesema kwa sababu gani?"

"Kijana, mwaga maji."

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi miwili tu, na jibu la namna hiyo sikulihesabu kuwa jibu.

Niwaeleze vijana wa sasa filamu ile ilifanya nini. Ilinasa mwanga ambao jicho halioni, ule ulio ng'ambo ya rangi nyekundu, na ambao jani lenye afya huurudisha kwa wingi. Picha ikishasafishwa, jani zima hutoka jekundu. Jani linalokufa hutoka na rangi ya majivu yenye ubuluu, hata kama kwa macho bado ni la kijani. Mbele ya lenzi tulifunga kichujio cha manjano, na filamu tuliipakia kwa kupapasa ndani ya mfuko mweusi wenye mikono miwili. Kusafisha kulifanyika Nairobi, nasi tulisubiri wiki kadhaa.

Tulianzia Qurus. Slaidi za kwanza ziliporudi, dereva wetu Hhando, Mmbulu mwenyeji wa huko, aliinua moja dirishani akaitazama kwa muda mrefu.

"Hili ni shamba la mjomba wangu," aliuliza, "au bucha?"

Baada ya Qurus mimi na Hhando tulitumwa Malambo, upande wa wafugaji, na safari hiyo kamera nilipewa mimi. Mzee Lemomo, mkubwa wa boma tulilofikia, alitutembeza kwenye olokeri yao. Hayo ni malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama. Ng'ombe wakubwa hawagusi majani yake hata kiangazi kikaze vipi. Bwana Malisho alikuwa na wasiwasi kwamba ardhi ile imechoka. Picha zikithibitisha, ingefungwa, na ndama wa Mzee Lemomo wasingekuwa na pa kwenda kabla ya mvua.

Maji ya Malambo yalichotwa kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa korongo, kila ukoo kwa zamu yake. Asubuhi ya kwanza Mzee Lemomo alimkuta Hhando akimimina ndoo juu ya sanduku.

"Wambulu mmeshiba maji mpaka mnanywesha mkaa?"

"Mkaa hauibi ng'ombe, mzee," Hhando akajibu, akiwatania wafugaji kwa sifa yao ya zamani ya kuteka mifugo, na watu kisimani wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliwatazama ndama waliokuwa wakingoja zamu, nikakumbuka kwamba hakuna aliyenipa sababu ya baridi ile. Nikamwambia Hhando aache.

"Bwana Malisho je?"

"Bwana Malisho yuko Karatu."

Kwa siku sita mkaa ulikaa mkavu, na sanduku likaiva juani kama kila kitu kingine.

Slaidi ziliporudi, olokeri yote ilikuwa ya majivu. Bwana Malisho alizipanga mezani, akawa tayari anaandika pendekezo la kuifunga.

"Lakini majani yalikuwa ya kijani, Bwana. Niliyaona."

"Ndiyo maana tuna filamu. Inaona kifo kabla ya jicho."

Hoja yake haikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililonitisha. Nikazirudia slaidi moja moja. Ya mwisho niliipiga Karatu tuliporejea, ili tu kumaliza filamu: bustani ya mchicha nyuma ya duka la Bi Zuhura, aliyeimwagilia asubuhi na jioni na kutuuzia mafungu yake. Nayo ilikuwa ya majivu. Mchicha ule tulikuwa tumeula, nao ulikuwa mzima.

Nilimpelekea Bwana Malisho slaidi hiyo. Aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Sanduku lilikauka?"

"Lilikauka."

"Hhando alisahau?"

Mlango huo wa kumsingizia Hhando ulikuwa wazi, na sitadai kwamba sikuuona.

"Mimi nilimkataza."

Alilichana pendekezo lake. Halafu akafungua friji ya kituo, akatoa makopo mawili ya filamu yaliyobaki. "Utarudi," alisema. "Ukimaliza, utahamia Endabash kusoma vipimo vya mvua. Kamera nitampa mtu anayemwaga maji."

Malambo nilimkuta Mzee Lemomo kisimani, nikamwomba maji ya mkaa. Aliniangalia kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Kisha akawaambia wanaochota, "Mpeni huyu. Ndama watangoja kidogo."

Safari hii olokeri ilitoka nyekundu, isipokuwa ukingo wa njia ya kwato. Haikufungwa.

Endabash nilikaa miaka mitatu, na baadaye nikafanya kazi katika ofisi nyingine hadi kustaafu. Joto, nilikuja kusoma, huua kwanza lile tabaka la filamu linalonasa mwanga usioonekana. Wekundu ndio hutoweka. Swali langu lilikuwa na jibu tangu siku ya kwanza. Sikuona ubaya kuuliza, na sasa pia sioni. Ubaya ulikuwa kwamba, nilipokosa jibu, nilifanya jaribio langu juu ya malisho ya mtu mwingine.

Kwa Bwana Malisho nilikiri. Kwa Mzee Lemomo, hapana. Nilisikia kwamba hadi uzee wake aliwasimulia wageni kuwa majani yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba serikali ilikuja kuyapiga picha mara mbili.